SMG ya zamani: iboreshwe au ibadilishwe?

Jioni moja ya Juni, baridi ya Mbeya imeshaanza kung'ata masikio, tulikuwa wanne kwenye kijiwe cha kahawa Soweto: mjomba wangu, mstaafu wa jeshi aliyekwenda vita vya Kagera akiwa kijana, jirani anayeuza vipuri vya malori Mwanjelwa, mwenye birika, na mimi. Jirani alikuwa na picha kwenye simu. Askari wa Marekani wameshika bunduki mpya, nene, na juu yake darubini kubwa kama chupa ya chai. Akauliza: hawa wanabadilisha, sisi Waafrika majeshi mengi bado yanatembea na umbo lilelile tulilolikuta tukiwa watoto, umbo ambalo hata kwenye bendera ya Msumbiji limo. Jeshi likiwa na bunduki ya namna hiyo, liikarabati au litupe linunue nyingine?

Mjomba alitafuna kashata yake, akanyamaza. Mimi nikaondoka na swali, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima upande huu na upande huu. Haya ndiyo niliyoyapata, kwa yeyote anayetaka kuwa na msimamo wake badala ya kuchukua wa kijiweni.

Kwanza jina. Sisi tunasema SMG, na tunamaanisha ukoo mzima wa bunduki ya Mikhail Kalashnikov: AK iliyokubaliwa na jeshi la Urusi ya Kisovieti mwaka 1949, AKM ya 1959, na Type 56 ya Kichina ya mwaka 1956, ambayo Wachina wenyewe waliiweka kwenye kundi la bunduki ndogo za rashasha. Zote zinakula risasi moja, ya milimita 7.62 kwa 39, yaani upana wa risasi kwa urefu wa ganda lake. Ishike risasi hiyo kichwani, maana maneno mengi yaliyo mbele yanaizunguka yenyewe.

Kuboresha maana yake ni kubakiza kiunzi cha bunduki na risasi yake, ukabadilisha vinavyochakaa na kuongeza visivyokuwepo: mtutu mpya, springi mpya, kitako kinachorefuka na kufupika, mkanda wa maana, reli ya kufungia darubini, tochi. Kubadilisha ni kuleta bunduki nyingine kabisa, na mara nyingi risasi nyingine. Jirani yetu alielewa upesi. Lori likichoka kupanda Kitonga unaweza kulipiga ringi na bushi, likapanda tena miaka kumi. Lakini chesisi ikipasuka, fundi mwaminifu atakwambia usipoteze hela. Kwenye bunduki chesisi ni kile kiunzi cha chuma kinachoshika bolti na triga. AK za miaka ya 1950 kiunzi chao kilichongwa kwenye pande la chuma. AKM ikaja na bati la milimita moja lililokunjwa, jepesi na rahisi kutengeneza kiwandani. Mtutu wake, ukiwa umepakwa kromiamu ndani, huvumilia risasi 10,000 na zaidi. Bunduki iliyokaa ghalani miaka 40 ikitoka kwa ajili ya gwaride na zamu ya getini inaweza kuwa nzee kwa umri na changa kwa kazi. Ile iliyotumika kufundishia kuruta kila mwaka inaweza kuwa imekwisha kabla ya ndevu za afande wake kuota mvi. Umri peke yake hausemi kitu.

Mwenye nyumba ni risasi

Watu wakibishana kuhusu bunduki hubishana kuhusu mpangaji na kumsahau mwenye nyumba. Bunduki unainunua mara moja. Risasi unainunua kila mwaka, unaisafirisha, unaihifadhi pakavu, unaichoma kwenye mafunzo, na kiwanda chake kinapaswa kuwepo leo na miaka 30 ijayo. Ukibadilisha bunduki ukabaki na risasi ileile, umehamisha mpangaji. Ukibadilisha risasi, umejenga nyumba mpya.

Waangalie Wafaransa. Bunduki yao ya FAMAS waliipokea 1978, ikatengenezwa Saint-Étienne, na ilizoeshwa risasi zenye ganda la chuma zilizotengenezwa nyumbani kwao. Kiwanda cha bunduki kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uzalishaji wa risasi zile nao ukakoma, na risasi za ganda la shaba za wenzao wa NATO zikawa zinaisumbua. Hapo ungeboresha nini? Mwaka 2016 wakachagua HK416 ya Wajerumani, zaidi ya bunduki 100,000. Si kwamba FAMAS ililenga vibaya. Mwenye nyumba alikuwa amehama.

Wamarekani wao wamejenga nyumba mpya kwa makusudi. Mwezi Aprili 2022 waliipa kampuni ya SIG Sauer mkataba wa bunduki inayoitwa leo M7, ya risasi mpya ya milimita 6.8 kwa 51. Walitaka risasi inayofika mbali na kupenya fulana za kinga za kisasa, baada ya miaka ya kupigana kwenye mabonde ya Afghanistan ambako adui alikuwa akiwarushia kutoka ng'ambo ya bonde. Msukumo ndani ya risasi hiyo ni mkubwa kiasi kwamba ganda lake limeunganishwa kwa vipande, kitako cha chuma na mwili wa shaba. Na kwa ajili yake wameanza kujenga jengo jipya kwenye kiwanda cha risasi cha Lake City, Missouri. Nchi yenye mfuko wa Marekani inaweza. Hapa kwetu kuna Shirika la Mzinga, Morogoro. Ukitaka kujua gharama halisi ya bunduki mpya yenye risasi mpya, usianzie dukani kwa mwenye bunduki. Anzia kwa mwenye kutengeneza risasi, umuulize mashine zake zitabadilishwa na nani, kwa hela gani, na kwa miaka mingapi.

Na jambo hili si geni kwenye ardhi yetu ya nyanda za juu. Agosti 1891 Wahehe waliuvamia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski pale Lugalo, si mbali na Iringa mjini, wakaushinda, wakachukua bunduki za Wajerumani kwa mamia. Oktoba 1894 ngome yao ya Kalenga ikaanguka licha ya bunduki hizo. Silaha ya kuteka haiji na ghala la risasi, haiji na fundi, wala haiji na miaka ya kuizoea.

Miaka 20 baadaye likatokea jingine. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, kombania nyingi za askari wa Kiafrika upande wa Wajerumani bado zilikuwa na bunduki ya Mauser ya 1871, inayotumia baruti nyeusi. Ukipiga risasi moja, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako na kumwambia adui ulipo. Hilo ndilo kosa ambalo hakuna ukarabati unaoliponya. Weka mtutu mpya, weka kitako kipya, moshi ni uleule, kwa kuwa umo ndani ya risasi. Kule Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipokimbilia merikebuni waliacha bunduki 455, bombomu, yaani bunduki kubwa za rashasha, 16 na risasi 600,000. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akazigawa palepale, moshi ukapungua. Lakini tangu hapo akawa mpangaji wa adui wake: risasi zikiisha, dawa ni kuteka nyingine. Mwaka 1916 Jenerali Northey wa Waingereza alipanda kutoka Nyasaland na Rhodesia, akachukua Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu, kisha Iringa. Lettow alikwenda hadi Msumbiji akateka maghala ya Wareno, akarudi 1918 kupitia Ubena na Mbozi, na alipoweka silaha chini pale Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba, ng'ambo tu ya mpaka wetu, bunduki zaidi ya 1,000 alizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi lilianza na bunduki moja na kumaliza na nyingine, na kila badiliko liliamuliwa na sanduku la risasi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa yeyote anayetaka SMG itupwe ni hili: kasoro unayoilalamikia imo ndani ya risasi, au imo ndani ya bunduki? Ikiwa ndani ya risasi, badilisha, usipoteze muda. Ikiwa ndani ya bunduki, endelea kusoma.

Risasi ya 7.62 kwa 39 ina kasoro zake, tusiipambe. Inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 hivi kwa sekunde, wakati ile ya NATO ya 5.56 inazidi 900. Ikivuka mita 300 inaanza kushuka kama jiwe. Na ni nzito: risasi moja ni kama gramu 16 au 17, ya 5.56 ni kama 12, maana yake askari mwenye risasi 200 anabeba karibu kilo moja ya ziada bila kupata hata risasi moja zaidi. Ukisimama Kitulo, nyasi tupu hadi upeo wa macho, utaona kwa nini mtu angetaka risasi inayokwenda mbali. Ila ni askari wangapi wanapigania Kitulo? Kwenye miombo, kwenye shamba la mahindi la Mbozi mwezi wa Machi, kwenye misitu ya Kongo Mashariki ambako vijana wetu wamekuwa wakipelekwa na Umoja wa Mataifa tangu 2013, adui anaonekana mita 50, pengine 100, na anaonekana kidogo. Huko risasi nzito na ya polepole inafanya kazi yake vizuri sana.

Upande wa kuboresha

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Waingereza. SA80 yao iliingia jeshini 1985, ikaaibika kwenye vumbi la vita vya Ghuba 1991: inakwama, magazini inadondoka. Badala ya kuitupa, kati ya 2000 na 2002 wakawapa Wajerumani wa Heckler & Koch kazi ya kuifungua na kubadilisha matumbo yake, kuanzia bolti na pini hadi nyundo na magazini. Bunduki kama 200,000, pauni milioni 92. Gawanya mwenyewe: pauni 460 kwa kila moja. Hiyo si bei ya kusafisha na kupaka mafuta! Hata hivyo bunduki iliyotoka upande wa pili, L85A2, ikaenda Afghanistan na askari wakaacha kuilaani, na toleo la A3 likafuata. Mimi somo ninalolichukua pale si kwamba ukarabati ni rahisi. Waingereza walilipa sana kwa sababu bunduki ilizaliwa mgonjwa. SMG haikuzaliwa mgonjwa. Kuikarabati ni kuongeza, si kutibu.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda zaidi ni wa Finland. Wao wana RK 62, binamu wa AK, risasi ileile ya 7.62 kwa 39. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 wakaanza kuigeuza kuwa RK 62M: kitako kinachorefuka, mkanda mpya, mahali pa kufungia darubini. Hawakugusa risasi. Nchi ya jeshi la akiba, ambako kijana anafundishwa kisha anarudi shambani hadi aitwe, ilijali zaidi kwamba aliyefundishwa miaka 20 iliyopita akipewa bunduki hiyo usiku wa manane mikono yake itaikumbuka. Waliopitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, watanielewa. Mikono haisahau kufungua kifuniko, kutoa springi, kutoa bolti.

Sasa ubaya wa upande huu. Darubini inahitaji mahali palipotulia, na SMG juu yake ina kifuniko chembamba cha bati kinachofunguka kila ukisafisha na kurudi kikiwa kimekaa tofauti kidogo. Ukifunga darubini juu ya kifuniko hicho, leo inalenga kichwa, kesho inalenga mti wa jirani. Warusi waliweka reli ubavuni, kushoto mwa kiunzi, kwa ribiti. Type 56 nyingi hazina reli hiyo, kwa hiyo lazima kiunzi kitobolewe kwa kipimo na fundi mwenye vifaa, bunduki moja baada ya nyingine. Ukiharibu tundu moja umeua kiunzi. Zile reli za bei chee zinazouzwa mtandaoni, zinazobana kwa skrubu mbili, ni mapambo. Anayekuletea mpango wa maboresho bila kukwambia reli itashikwa na nini, anakuuzia mapambo.

Halafu betri. Darubini ndogo yenye nukta nyekundu ni msaada mkubwa, hasa kwa askari wa kawaida ambaye si bingwa wa shabaha: macho yote mawili wazi, nukta juu ya lengo, basi. Nyingine hukaa miaka kwa betri moja. Lakini ile betri moja lazima iwepo kituoni, kwenye kabati, na mtu wa kuikumbuka. Jeshi lililozoea kuhesabu risasi na mafuta litaongeza safu moja kwenye daftari. Ni jambo dogo, nimeliweka kwa sababu mambo madogo ndiyo huzima miradi.

Upande wa kubadilisha

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Bunduki mpya inakuja na mambo ambayo kwenye SMG unayapachika: reli juu yote, kitako cha kurefusha, swichi inayofikiwa na kidole gumba bila kuachia mshiko, upande wa kulia na wa kushoto. Yeyote aliyewahi kupambana na swichi ya SMG, ile ndefu ya upande wa kulia inayolia "klaki" usiku kucha, anajua ninachosema. Inakuja pia na vipuri vipya na mwenye kiwanda wa kumpigia simu. Na ina usahihi zaidi, hilo tusilibishie.

Tatizo ni kwamba kubadilisha ni kazi ya miaka, na imejaa mitego ambayo haihusiani na chuma. Ujerumani ilipata habari za bunduki yake G36 kupoteza shabaha ikipata joto. Mwaka 2015 waziri wa ulinzi wa wakati huo, Ursula von der Leyen, akasema haina nafasi kwa hali ilivyo. Mwaka 2020 wakamtangaza mshindi, Haenel, na wiki chache baadaye wakaufuta ushindi huo kwa ugomvi wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Ndipo kazi ikarudi kwa Heckler & Koch, na fedha za bunduki karibu 118,000, euro milioni 209, zikapitishwa Desemba 2022. Miaka saba kutoka kauli ya waziri hadi hela! Na hao ni Wajerumani, wenye viwanda mlangoni. G36 zilizokuwa mbovu kwenye magazeti ziliendelea kubebwa muda wote huo.

India nayo. Bunduki yao ya INSAS, ya 5.56, ilipopanda milima ya Kargil mwaka 1999 ilikutana na baridi kali. Magazini za plastiki zikapasuka. Wakahangaika miaka mingi. Mwishowe wakaanza kwa kununua SIG716 kama 72,000 kwa walio mstari wa mbele, na mwaka 2021 wakatia saini mkataba wa AK-203 zaidi ya 600,000 za kutengenezwa kwao, Amethi. Angalia risasi ya AK-203 ni ipi: 7.62 kwa 39. Nchi kubwa hivyo, katika karne hii, imetoka kwenye 5.56 na kwenda kwa risasi ya babu yetu, ikiwa imevaa bunduki mpya. Kwetu sisi tunaoitumia tayari risasi hiyo, bunduki kama hiyo ndiyo njia ya tatu ambayo kijiweni hakuna aliyeitaja: badilisha mpangaji, mwenye nyumba abaki.

Uzito pia. M7 ya Marekani ni kilo 3.8, ukiongeza kizuia sauti inakaribia 4.5, wakati M4A1 inayotolewa ilikuwa karibu na 3. Magazini yake ni ya risasi 20 badala ya 30. Askari aliyebeba magazini saba alikuwa na risasi 210. Sasa ana 140, na mzigo haujapungua. Mjomba nilipomsomea tarakimu hizo aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Sabini zimekwenda wapi?" akauliza.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kudhani kipya hakihitaji matunzo. Bunduki ya Marekani ya M16 ilipogawiwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, ilikwenda na sifa kwamba haihitaji kusafishwa. Vifaa vya kusafishia havikutosha, baruti ya risasi ilibadilishwa baada ya bunduki kujaribiwa na nyingine, chemba, tundu inamokaa risasi, haikupakwa kromiamu, na kule ni mvua na matope. Zikakwama mikononi mwa vijana, wengine wakakutwa wamekufa pembeni ya bunduki walizokuwa wakizifungua. Mwaka 1967 Bunge la Marekani likachunguza, M16A1 ikaja na kromiamu na vifaa vya kusafishia, na bunduki ileile ikawa nzuri. Nikifikiria Tukuyu, mahali ambapo mvua ni desturi na ukungu unalala ndani ya nyumba, naona Vietnam ndogo. Risasi nyingi za zamani fataki zake, yaani viwashio vya baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta peke yake hayaiondoi, lazima maji ya moto kwanza, ukaushe, ndipo mafuta. SMG itakusamehe ukichelewa siku mbili. Nyingi za kisasa hazina moyo huo.

Aliyeko nyuma ya kitako

Nilipokuwa JKT kwa mujibu wa sheria, baada ya kidato cha sita, siku ya shabaha nilipiga risasi zangu nikakuta zote zimekwenda chini kushoto, mbili hazikugusa hata karatasi. Nikamwambia afande kwamba silaha ile imepinda. Hakunigombeza. Alilala chini palepale nilipolala, akachukua silaha ileile, akapiga tatu, na tukaenda kuziangalia pamoja. Zilikuwa katikati, zingefunikwa na kikombe. "Unaivuta triga kama unavuta ng'ombe," akasema. Alinifundisha kwa dakika kumi kuibana polepole mpaka mlio unishtue mwenyewe. Kwenye duru ya pili nilikuwa ndani ya karatasi.

Naileta habari hii kwa sababu hesabu ya maboresho na ya mabadiliko mara nyingi huishia kwenye chuma. Fedha ya bunduki moja mpya yenye darubini, ukiigeuza kuwa risasi za mafunzo, ni kijana mmoja amelala kwenye uwanja wa shabaha mara nyingi zaidi. Sisemi mafunzo yanafuta tofauti ya silaha. Ukiwa mita 500 na mwenzako ana darubini, ustadi wako hautatosha. Ila jeshi linalobadilisha bunduki hulazimika kumfundisha upya kila mtu, kuanzia kuruta hadi fundi wa ghala, na kama bajeti imemezwa na ununuzi, mafunzo ndiyo hukatwa kwanza. Unapata jeshi lenye bunduki ya kisasa na mikono ya zamani.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi: zile za zamani zinakwenda wapi? Lori bovu linakatwa linakuwa chuma chakavu. Bunduki iliyotolewa jeshini bila kuharibiwa itapata mwenyewe, na sisi tunaoishi jirani na Ruaha tunajua risasi ya 7.62 imefanya nini kwa tembo. Mpango wowote wa kubadilisha ambao hauna msumeno na tanuri ndani yake, na daftari la namba moja moja, mimi nisingeusaini. Kuboresha hapa kuna unafuu wake: bunduki inaingia kwa fundi na kutoka kwa namba ileile.

Ningechaguaje mimi

Kwa jeshi la namna yetu, lenye risasi moja iliyozoeleka na eneo la vita la msituni kuliko la jangwani, ningeboresha kwa wengi na kubadilisha kwa wachache. Kikosi maalumu, walinda amani wanaotangulia, hao wape bunduki mpya, na ikiwezekana mpya inayokula risasi ileile kama hiyo ya Wahindi. Wengine wote wape kitako, mkanda, reli ya ribiti ubavuni, darubini ya nukta nyekundu, na risasi za mafunzo zaidi ya walizonazo. Adui akianza kuvaa fulana za kinga zinazoizuia 7.62 kwa 39, nitageuza kauli siku hiyohiyo, maana kasoro itakuwa imehamia kwenye risasi, na tumeshaona moshi wa Mauser ya 1871 hauponywi na kitako kipya.

Lakini kazi ya kwanza kabisa si ya kuchagua, ni ya kupima, na ni ya fundi wa ghala. Anachukua kipimo chake, fimbo nyembamba ya chuma yenye alama, anaichomeka kwenye mdomo wa mtutu. Ikizama kupita alama, mtutu umekwisha. Anachukua kingine anapima bolti inavyofunga na chemba. Anaangalia kiunzi kama kina ufa kwenye ribiti. Mwisho wa siku ana marundo matatu: nzima, za mtutu mpya, na zilizopasuka chesisi. Rundo la tatu, likihesabiwa moja moja kwa namba zake, ndilo linalosema ninunue bunduki ngapi mpya mwaka huu. Jirani wa Mwanjelwa aliniambia hata yeye injini hainunui kabla fundi hajafungua ile ya zamani. Mjomba wakati huo alikuwa anaomba kikombe cha pili, na anamuuliza mwenye birika kama kashata zimebaki.